Mwaka wa Mlango Mmoja

Wifi yangu Tusekile tulimzika huko Njisi mwaka jana, mvua zilipokuwa zikielekea kukatika. Baada ya maziko tulikaa kwenye mikeka, kando ya kakao iliyoanikwa, tukaletewa wali na samaki. Mbele yangu alikaa mjukuu wa marehemu pamoja na mke wake mpya. Msichana yule aliona sahani ya baba mkwe wake imebaki mifupa mitupu, akanyanyuka, akampakulia tena, akamwambia, "Baba, ongeza, bado hujala kitu." Yule baba akacheka, akapokea sahani kutoka mikononi mwake, akala. Hakuna mtu aliyegeuka kutazama. Mimi peke yangu nilishindwa kufikisha tonge mdomoni, na moyo ulinienda mbio kama ninayemwona mtu akikanyaga nyoka. Niligeuka ubavuni ili nimwambie Tusekile, "Umeona?" Ndipo nikakumbuka kwamba ndiye tuliyetoka kumzika. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye tu angenielewa, kwa sababu yeye tu ndiye aliyekuwa amebaki pamoja nami kati ya wale tuliolala chini ya paa moja mwaka ule.

Habari za nani alimzaa nani nitaziacha. Zilisomwa kaburini na zilitosha. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakipigana na sisi wa Katumba, kwenye ukingo wa mto Songwe, tulikuwa katikati yao. Nilikuwa nimeolewa na Angetile, kaka yake Tusekile, na unyumba wetu ulikuwa haujafika hata mavuno mawili. Watoto wa siku hizi hawajui, kwa hiyo nieleze: kwetu, wakati ule, mwanamke hakumwona baba wa mumewe. Hakukaa naye, hakula mbele yake, hakusema naye, hakupita njia moja naye. Ukimwona anakuja, unaingia migombani na kujifunika uso mpaka apite. Hata jina lake hukulitamka, wala neno linalofanana na jina hilo. Jina la baba mkwe wangu lilifanana na neno letu la chumvi, basi mimi chumvi niliiita kikolezo, na mpaka leo sokoni wananicheka. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimezeeka, lakini sijafikia huko.

Vita vilianza kutuumiza kupitia vitu vidogo. Meli za ziwani zilikoma, na duka la karibu na ziwa likabaki na rafu tupu na mwenye duka anayepiga miayo. Kwanza viberiti viliisha, tukajifunza kutoachia moto uzime, na aliyezimikiwa alitumwa na kigae kwenda kuomba kaa kwa jirani. Halafu ikaisha sabuni, halafu chumvi, halafu nguo. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Juba kama tunavyoita mama, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alichoma maganda ya ndizi na vikonyo vyake, akachuja majivu kwa maji katika chungu chenye tundu, akachemsha yale maji mpaka yakaacha unga wa kijivu chini. Huo ndio uliokuwa kikolezo chetu. Aliutunza katika kibuyu alichokining'iniza juu ya kitanda chake, na kila jioni alitia kidole kimoja, akakikung'uta juu ya mboga, akakilamba, akafunga kibuyu. Tusekile alikuwa akiigiza kile kidole nyuma ya nyumba mpaka tunaziba midomo yetu kwa viganja.

Kisha wakaanza kuchukua watu. Angetile aliitwa pamoja na vijana wengine kubeba mizigo ya askari. Aliondoka asubuhi na mkeka wake chini ya kwapa na mkungu wa ndizi za kuchoma begani, na aliniambia atarudi kabla ya kupanda. Nilikuwa sijamwambia kwamba nadhani nina mimba, kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijaamini. Ng'ombe nao wakachukuliwa, wote isipokuwa mtamba mmoja, jike ambaye alikuwa hajazaa, tena mwenye mguu mbaya. Na baada ya ng'ombe likaja tangazo la mchele. Tarishi wa jumbe alipita na fungu la vijiti vya mwanzi mkononi, akasema kila mlango utatoa kapu la mchele kwa ajili ya askari, na utatoa tena kila watakapohitaji. Hakusema kila mtu, wala kila shamba. Alisema kila mlango, akaahidi kurudi kuhesabu.

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba kubwa nikimenya ndizi, nikawasikia wakwe zangu wakizungumza ndani. Kiambo chetu kilikuwa na nyumba tatu: yao, yangu, na ile ya bibi aliyekwisha kufa, ambamo Tusekile alilala.

"Milango mitatu ni makapu matatu," alisema Juba. "Tukitoa matatu, na baadaye wakataka tena, mbegu tutaipata wapi?"

"Bomoa ile ya marehemu mama," ilijibu sauti ya mzee.

"Hiyo naibomoa. Na ya Subilaga pia." Subilaga ndiye mimi.

Mzee akauliza, "Alale wapi?"

"Humu. Upande wa ng'ombe. Amebaki mtamba peke yake, nafasi ipo."

"Humu ndani? Mke wa mwanangu alale ndani ya nyumba ninayolala mimi?"

"Nitaweka ukuta."

"Mwanamke, umerukwa na akili. Watu watasema nini?"

"Watu nao wanabomoa. Nenda ukaone kule kwa jirani. Watasema nini wenye njaa?"

Nikamsikia mzee akiguna, na kwa mguno ule nilijua ameshindwa. Nilibaki na kisu mkononi. Mwinjilisti wa misheni alikuwa ametufundisha kwamba kukwepana na mkwe ni mambo ya giza, na Juba, ambaye alikuwa amebatizwa, alimsikiliza kwa heshima zote, halafu njiani akatuambia kwamba mwinjilisti mwenyewe hana mkwe. Leo njaa ilikuwa imemgeuza kwa jambo ambalo mahubiri hayakuliweza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa vita. Vita nilikuwa sijaviona, lakini aibu nilikuwa nimelelewa nayo.

Tulibomoa nyumba yangu na ile ya bibi, mimi na Tusekile, kwa mikono yetu. Mianzi yake ilikuwa bado haijashika moshi. Nyumba kubwa ilikuwa na mlango wa pili, wa ng'ombe, na kwa kuwa tarishi alihesabu milango, huo nao ilibidi uzibwe. Tulisuka fito, tukakanyaga udongo, tukakandika mpaka hapakuonekana kitu. Juba alisimamisha ukuta wa mianzi iliyopasuliwa kati ya upande wa watu na upande wa ng'ombe, ukaishia mlangoni ili pande zote mbili zitokee hapo, akaacha pengo chini, kiasi cha mkono kupita, ili mkojo wa mtamba upate njia na mimi nipate chakula. Tarishi aliporudi alisimama uani, akatazama udongo mbichi, akatutazama sisi, akavunja kijiti kimoja, hesabu ya mlango mmoja. Kisha akaenda zake. Nadhani hata kwake walikuwa wamebomoa. Katumba nzima ilipungua katika majuma machache, ukipita unaona viwanja vitupu kati ya migomba, na ndani ya kila nyumba iliyobaki watu wamebanana kama ndizi kwenye mkungu.

Ni vigumu kumweleza mtu jinsi hofu inavyoweza kukaa ndani ya mambo madogo. Mzee alipotaka kuingia aligonga kizingiti kwa fimbo na kukohoa, nami nikageuka ukutani na kujifunika kaniki yangu mpaka atulie upande wake. Nilipotaka kutoka, Tusekile alitoka kwanza kuangalia, akaimba kipande cha wimbo wa kanisani ikiwa njia ni nyeupe. Kama hakuimba, nilisubiri. Nilijifunza kusubiri haja zote. Nilijifunza kupiga chafya bila sauti, na kugeuka kwenye mkeka taratibu ili mianzi isilie. Nilimfahamu mzee kwa miguu yake tu, niliyoiona chini ya ukuta: miguu mipana, mikavu, kidole kimoja hakina ukucha. Nikiiona, naangalia pembeni. Nafikiri naye aliishi kwa hofu kama mimi, kwa sababu alianza kuondoka alfajiri kabisa na kurudi jua likizama, na mvua ilipomkuta alijikinga kwa jirani kuliko kurudi.

Kaniki ile ndiyo iliyokuwa nguo yangu pekee. Kwa kuwa ndiyo iliyonifunika mwili na ndiyo iliyonifunika uso, siku ya kuifua ilikuwa siku ya mashaka. Tuliifua kwa maji ya majivu, polepole, kwa kuwa majivu yalikula uzi. Ilipokuwa ikikauka mimi nilikaa nyuma ya ukuta nikiwa nimejifunga gome la mti kama bibi zetu, mtamba akinipumulia mgongoni, nikimwomba Mungu kwamba mvua isinyeshe na mzee asirudi. Jumapili tulipokezana: Juba na Tusekile walikuwa na kipande kimoja kizuri kati yao, aliyekwenda kanisani leo hakwenda juma lijalo. Juba alirudi kutoka ibadani akasema, "Leo nusu ya kanisa imebaki nyumbani kwa sababu ya uchi. Kyala, Mungu wetu, anatuona hata hivyo." Akafungua kibuyu, akatia kidole, akakikung'uta.

Tulipika mara moja kwa siku, moto mmoja, chungu kimoja. Ndizi zilichemshwa na maganda yake ili zisipunguzwe na kisu. Maji ya kuchemshia maharage yalinywewa. Mbegu ya mpunga ilikuwa katika kapu lililofunikwa kwa majani makavu, juu darini, na Juba alilipapasa kila siku kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliyapima yote, lakini mimi, tumbo lilipoonekana, alianza kunisukumia chini ya ukuta bakuli lililojaa kidogo kuliko la Tusekile. Hakulisemea. Siku moja Tusekile alilalamika, na Juba akamjibu, "Wewe unakula peke yako?" Basi.

Kuhusu Angetile hatukusikia kitu. Kupanda kukafika, tukapanda bila yeye. Kila mpagazi aliyerejea alifuatwa na wanawake mpaka mlangoni kwake, na wengi wao hawakutaka kusema. Nilisikia Juba akimwambia mzee, "Huyu mmoja kanieleza wanakufa kwa kuhara, wanaachwa njiani," na mzee akamjibu, "Nyamaza, yule anasikia." Yule nilikuwa mimi. Ndivyo nilivyojua kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu anayenikumbuka.

Mvua kubwa zilipofika, chungu chetu kikapasuka. Kilikuwa kimetiwa viraka vya nta mara kadhaa, na siku hiyo kikaachia uji wote motoni. Juba alikaa akitazama ule uji ukilia kwenye majivu. Kesho yake alisema atakwenda ufukweni kwa wafinyanzi wa Kikisi kubadilisha mikungu ya ndizi kwa chungu, na kama Mungu akijalia, samaki kidogo. Mzigo ulikuwa wa watu wawili, akamchukua Tusekile. Alinipapasa tumbo kabla ya kuondoka.

"Bado," alisema. "Mwezi haujatimia. Tutalala kule usiku mmoja tu."

"Na kikolezo, Juba?"

"Kidole kimoja. Unakiona kidole changu? Siyo chako."

Wakaondoka. Mchana ule mawingu yakashuka kutoka milimani, na huko juu ikanyesha kwa namna ambayo sisi wa chini tunaijua: hatuisikii mvua, tunasikia mito. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamejaa kati ya migomba, ya rangi ya udongo, yakibeba majani na kuku aliyekufa. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kiinuko, lakini njia zote zilikuwa zimepotea. Mzee hakuweza kwenda shambani wala kwa jirani. Alikuwa ndani, upande wake, na mimi upande wangu, na kati yetu hapakuwa na mtu mwingine. Nilisikia kila pumzi yake. Yeye alichonga kitu, kisu kwenye mti, kru, kru, kru, kana kwamba anataka nijue yuko wapi kila wakati.

Uchungu ulinianza nikiwa nimekaa. Nilidhani ni njaa. Ulipokuja tena nikashika mguu wa mtamba, na mtamba akaruka. Niliuma kaniki. Sikutaka sauti itoke, na kila nilipoizuia ilikua. Kisu kikanyamaza upande wa pili. Baada ya muda nikasikia sauti ya mzee, kavu, haijanielekea mimi.

"Wewe mtamba," alisema. "Huyo aliye karibu nawe anaumwa?"

Ningejibuje?

"Mtamba, mwambie huyo kama anaumwa tumbo la chakula agonge ukuta mara moja. Kama ni jambo jingine, agonge tena na tena."

Niligonga. Niligonga mpaka mianzi ikatetemeka. Nikasikia anasimama, mlango unafunguliwa, miguu inaingia majini. Alikuwa amekwenda kumwita mama mmoja jirani aliyezoea kuzalisha. Wakati huo nililia kwa sauti kubwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia, na nilipolia nikaona jinsi ninavyotamani asikie mtu, yeyote. Alirudi akihema, maji yakichuruzika. Nilidhani nitasikia miguu miwili mingine. Haikuwapo.

"Mtamba," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyumba ya jirani imezingirwa. Wamehamia mahali pa juu. Maji yamenifika kifuani." Nikamsikia akikung'uta maji. "Mwambie nipo hapa. Nimegeuka."

Akapuliza moto. Akanisukumia chini ya ukuta maji ya moto katika kigae, halafu ubavu wa mwanzi aliouchonga ukawa mkali, halafu nyuzi za mgomba. Kila kitu kilipita katika lile pengo, na kila mara niliona vidole vyake vikirudi haraka kama vinaungua. Alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote. Alimwambia mtamba kwamba mama apige magoti, asilale chali. Alimwambia mtamba kwamba mama asisukume bado, apumue kama mbwa aliyekimbia. Uchungu ulipozidi, nikapiga kelele kwamba nakufa, kwamba waniitie mama yangu, kwamba siwezi. Mtamba alikuwa amejibanza kwenye mlango uliozibwa, anatetemeka. Ndipo mzee akamwacha mtamba.

"Mwanangu," alisema. "Subilaga. Nisikilize mimi. Sasa, sukuma."

Hakuna mkwe aliyewahi kunitamkia jina. Nilisukuma. Alisema tena, nikasukuma tena, na sauti yake ilikuwa imesogea chini, nadhani alikuwa amelala sakafuni na kinywa chake kwenye pengo, ili nimsikie vizuri. Mtoto akaangukia mikononi mwangu, wa moto, mwenye utelezi, kimya.

"Amelia?" aliuliza.

"Hapana, baba." Ndivyo nilivyomjibu, kwa kinywa changu.

"Mfyonze pua. Fyonza, teme. Mwinamishe. Mpanguse mgongo kwa majani, kwa nguvu, usimwonee huruma."

Nilifyonza, nikatema, nikasugua mgongo ule mdogo kwa majani makavu ya mgomba. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha mtoto akakunja uso, akapiga kelele kama paka. Nilisikia upande wa pili mtu akikaa chini kwa kishindo. Aliniambia mahali pa kufunga uzi na mahali pa kukata. Nilipomaliza akauliza, "Ni nani?" nikamwambia ni wa kike. Akatoka nje, akasimama chini ya upenu, na mvua ikamnyeshea miguu kwa muda mrefu.

Baadaye alinipikia uji. Mwanaume wa umri ule, ambaye sidhani kama alikuwa amewahi kushika mwiko, alichukua unga, akautia kwenye kipande cha chungu kilichobaki, akakoroga. Kisha nikamsikia akipanda kitandani na kushusha kibuyu. Kigae kikapita chini ya ukuta. Nilitia uji mdomoni, macho yakanitoka. Alikuwa amemimina kikolezo chote, akiba ya nyumba nzima ya mwezi na zaidi, ndani ya kigae kimoja. Niliunywa wote. Sijawahi kula kitu kitamu kama uji ule, na ulikuwa mchungu kwa chumvi.

Maji yalipopungua Juba na Tusekile walifika, matope mpaka kiunoni, chungu kipya kichwani. Juba alisikia mtoto kabla hajafika uani, akaacha chungu mikononi mwa Tusekile, akaja mbio. Alimfunua, akakagua kitovu, akanitazama.

"Nani amempokea?"

Nilitazama chini. Nje, karibu na mlango, mzee akakohoa.

"Mimi," alisema.

Juba alinirudishia mtoto. Alikwenda upande wao, nikasikia mkono wake ukipapasa juu ya kitanda, nikasikia kibuyu kikitikiswa. Hakikuwa na sauti.

"Na nani amemaliza chumvi?"

"Mimi."

Tusekile alisimama na chungu, hathubutu kukitua. Halafu Juba akaanza kucheka, kicheko kikamshinda, akakaa chini, na akiwa bado anacheka akaanza kulia, kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia hata Angetile alipoondoka. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja cha mkono.

"Ndaga fijo, baba Angetile," alimshukuru mumewe. Kisha akatuambia sisi, "Mvua ikikatika mkate mianzi, tujenge upya nyumba ile. Hii siyo nyumba ya mzazi. Kapu la mchele tutaona."

Watu walisema, kama mzee alivyotabiri. Walisema mtoto aliyepokewa na babu yake hatapita mavuno. Juba alimwita Atupele, yaani Mungu ametupatia, na kila aliyekuja kunong'ona alipewa mtoto ambebe. Mzee na mimi tulirudi katika desturi zetu kama vile hakuna kilichotokea. Aligonga kizingiti, nikajifunika. Hakuniita jina tena, wala mimi sikumwita baba. Lakini hofu ile ya kwanza ilikuwa imeniishia, nikabaki na heshima tu.

Nyumba yangu ilisimama upya mpunga ulipokuwa ukianza kuinama. Wakati huohuo mpagazi mmoja wa Katumba alirudi, amebaki mifupa, akasema alimwacha Angetile katika kijiji kimoja ng'ambo ya milima, ana homa, na msafara haukusubiri. Zaidi ya hapo hakujua. Niliendelea kukandika kuta. Sikujua kufanya kitu kingine.

Kisha tarishi akaja na vijiti vyake. Nilikuwa ndani ya nyumba mpya, Atupele ananyonya, udongo wa ukuta haujakauka, na nilisikia kila kitu. Alisimama mbele ya mlango wangu. Alikuwa mtu mwema, tarishi yule, na siku zile wema ulikuwa na hatari zake.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "huu nauruka. Hauna mwanaume ndani. Nikiulizwa nitasema ni jiko."

Nilimsikia Juba akivuta pumzi. Kapu zima la mchele. Nilijua hesabu zake zote kwa kuwa nilizisikia mwaka mzima kupitia mianzi: mbegu, mtoto, mimi, Tusekile, miezi ya njaa inayokuja. Nilisubiri aseme ahsante. Mimi mwenyewe ningesema.

"Siyo jiko," mzee alisema. "Ni nyumba ya Angetile. Vunja kijiti."

"Mzee, unalipia kapu la mtu ambaye huenda..."

"Vunja kijiti."

Nikasikia mwanzi ukikatika. Baada ya mavuno Juba alilijaza kapu lile yeye mwenyewe, akalishindilia, akaongeza mpaka likawa na kilima, na mzee akalibeba begani. Haukupita muda Waingereza wakavuka Songwe, na wale askari wa Wajerumani wakakimbia kuelekea milimani. Sijui nani alikula mchele ule. Angetile hakurudi. Lakini nilikaa katika nyumba hiyo mpaka Atupele akaolewa, na muda wote huo mgeni akiuliza njiani, watoto walimwelekeza: pita kwa mzee, kisha utaona nyumba ya Angetile.